Mume hataki gari la umeme, mimi nimechoka na petroli

Habari za kazi, Mshauri.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kibamba, Dar es Salaam, na kazi yangu iko Posta. Tuna gari moja, Toyota Harrier ya cc 2,400, hii ambayo watu wanaiita Tako la Nyani. Sina ugomvi na gari lenyewe, halijawahi kunilaza njiani. Ugomvi wangu ni petroli. Asubuhi nawashusha watoto shule Mbezi, naingia kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro mpaka mjini, jioni narudi hivyo hivyo. Ukijumlisha na vizunguko vya sokoni ni kama kilomita 60 kwa siku. Petroli naweka mimi. Mume wangu ana usafiri wa kazini, kwa hiyo wikiendi analikuta gari lina mafuta, na Jumatatu mimi nalikuta taa inawaka.

Sasa kuna yadi moja hapa mjini wana Nissan Leaf ya mwaka 2013, imetoka Japani, nyeupe, ndani safi utadhani haijakaliwa. Wamenipa ofa: Harrier wanaichukua kwa milioni 13, Leaf wanauza milioni 25, mimi naongeza 12. Muuzaji anasema inatembea kilomita 200 na ushee kwa chaji moja, haina oili wala plagi, na kuchaji ni "kama simu tu mama, unachomeka ukutani unalala". Nilitanguliza laki tano wasije wakaiuza kwa mtu mwingine. Mume wangu nilimwambia baadaye.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Anasema gari lile liko chini mno, na kipande chetu cha vumbi kutoka lami mpaka nyumbani mvua zikinyesha kinakuwa mitaro mitupu. Maji yakiingia tutapigwa shoti wote. Anasema umeme wenyewe unakatika, tutashinda nyumbani. Kubwa kuliko yote, kila Desemba tunakwenda kwao Marangu, Kilimanjaro, kuhesabiwa na ukoo. Ananiuliza, "Utawaambia nini wazee, gari limeisha chaji Segera?"

Halafu kuna la wapangaji. Nyuma ya nyumba tuna vyumba viwili tumepangisha, na wote tunatumia LUKU moja kwa kuchangia. Habari za gari zimeshawafikia, na mama mmoja ameanza kuniuliza kwa kicheko kile ambacho si kicheko.

Mpwa wangu naye ananitisha kwamba betri ikifa na gari limekufa. Nilipiga picha dashibodi: pembeni kuna vimistari vyembamba tisa. Muuzaji anasema tisa ni vingi. Nibadilishe au nibaki na Harrier yangu?

Nimechoka na Petroli, Kibamba

*

Dada, nianze na jibu, maana laki tano yako iko mikononi mwa watu na siku zinakwenda. Gari la umeme kwa safari zako za kila siku, ndiyo. Leaf hiyo, hapana. Na Harrier usiwaachie yadi kwa milioni 13 kabla hujasikia sokoni wanasemaje.

Tuanze na vimistari tisa, kwa sababu picha uliyopiga imesema mengi kuliko muuzaji. Kwenye dashibodi ya Leaf za zamani kuna mistari minene inayoonyesha chaji iliyopo, na pembeni yake vimistari vyembamba vinavyoonyesha betri bado ina uwezo gani wa kubeba chaji. Gari jipya lina vimistari vyembamba 12. Cha kwanza hupotea betri ikishapoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake, na kila kinachofuata ni asilimia 6 hivi zaidi. Ukiona tisa, betri imebakiwa na asilimia 66 hadi 72. Ni sawa na ndoo ya lita 20 iliyotiwa mchanga chini: inajaa mpaka juu, dashibodi inasema asilimia 100, lakini maji ni machache.

Kwa hesabu ya uniti, zile zile unazonunua kwenye LUKU, Leaf ya 2013 ilitoka kiwandani na betri ya uniti 24, na dereva aliruhusiwa kutumia kama 21 au 22. Asilimia 70 ya hapo ni uniti 15. Kwenye foleni ya Dar, AC ikiwaka, uniti moja inakupa kilomita sita na nusu hivi. Jumla ni chini kidogo ya kilomita 100, na hapo umekausha mpaka tone la mwisho, jambo ambalo hakuna anayelifanya kwa hiari. Ondoa akiba ya kukufikisha nyumbani, unabaki na 75 au 80. Wewe unatembea 60. Kwa leo inatosha, lakini siku mtoto akipandisha homa saa tatu usiku na gari ndiyo kwanza limechomekwa, haitatosha.

Zile kilomita 200 na ushee muuzaji hakuzibuni. Ni namba ya katalogi ya Japani, kipimo cha maabara, betri mpya kabisa, bila foleni ya Kimara. Anaisoma mwaka huu juu ya betri iliyozeeka, hapo ndipo anapokuchezea.

Isitoshe, betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza kwa maji kama magari mengi ya umeme yaliyokuja baadaye. Inapoa kwa hewa inayoikuta, na hewa ya Dar unaijua. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, kule Arizona kwenye jangwa la Marekani, ndio waliopiga kelele kuona vimistari vinapotea mapema. Nissan ilikuja kubadilisha kemikali ya betri ivumilie joto zaidi kuanzia modeli ya 2015. Yako ni ya 2013, ya kabla ya mabadiliko hayo, na Februari ya Dar itaendelea kuila.

Sasa kwa nini nisikwambie ubaki na Harrier tu? Kwa sababu hesabu ya petroli inakuunga mkono. Tuseme Harrier yako kwenye foleni inakwenda kilomita 8 kwa lita. Kilomita 60 ni lita saba na nusu. Tukichukua bei ya 2,900 kwa lita, ni karibu 22,000 kwa siku. Gari dogo la umeme kwa umbali huo huo litavuta ukutani kama uniti 11, ukihesabu na kinachopotea wakati wa kuchaji. Kwa shilingi 356 kwa uniti, kodi zote ndani, ni kama 3,900. Kwa siku 24 za kazi, petroli ni laki tano na ishirini, umeme ni elfu tisini na kitu. Tofauti ni kama laki nne na thelathini kwa mwezi. EWURA wakitangaza bei mpya, badilisha ile 2,900 uone mwenyewe. Jibu haligeuki kirahisi.

Lakini hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoiua ofa ya yadi. Milioni 12 za kuongezea zitarudi baada ya miaka miwili na miezi kadhaa. Wakati zinamaliza kurudi, betri ya vimistari tisa itakuwa inakufikisha mjini kwa maombi. Afadhali uongeze hata milioni 20 kwa betri nzima. Ni karibu miaka minne ya kurudisha, lakini gari litakuwa bado linakubeba. Bado sijaweka oili, filta na plagi ambazo hutanunua, wala pedi za breki, ambazo kwenye gari la umeme hudumu sana kwa sababu mota yenyewe ndiyo inayopunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Foleni ya kusimama na kuondoka inayoichosha Harrier, gari la umeme linaipenda.

Tafuta Leaf ya betri ya uniti 40, umbo jipya lililoanza kuuzwa Japani mwezi Oktoba 2017. Ukiagiza mwenyewe, ingia kwanza kwenye kikokotoo cha TRA, maana gari likipita miaka minane linaongezewa kodi ya uchakavu ya asilimia 15, na likipita kumi ni 30. Ukinunua la hapa hapa, usiamini vimistari peke yake. Kuna wajanja wanaofuta kumbukumbu ya betri kwa mashine, vimistari vinarudi 12, na baada ya wiki kadhaa vinaanza kudondoka tena ukiwa umeshalipa. Nenda na kijana mwenye kile kifaa kidogo cha bluutuuthi kinachochomekwa chini ya usukani na programu ya Leaf Spy kwenye simu. Atakusomea afya ya betri kwa asilimia. Chini ya 85 usijisumbue kupatana bei. Kisha liendeshe. Chaji ikiwa imejaa, washa AC, toka Posta mpaka Kibaha, kama kilomita 40. Betri nzuri ya uniti 40 itakula asilimia 20, kidogo chini au juu. Ikila zaidi ya 25, wape funguo yao na asante.

Wakikukatalia kuliendesha mpaka Kibaha, jibu umeshapata bila kuchoma chaji.

Kuhusu "kama simu tu". Ni kweli kwamba soketi ya kawaida inatosha kwako: inatoa kama uniti mbili na kidogo kwa saa, kwa hiyo uniti zako 11 ni kazi ya saa tano usiku. Umeme ukikatika jioni nzima, betri ya 40 ina akiba ya siku tatu za safari zako, shemeji hapo asihofu sana. Lakini simu haivuti ampea 10 saa tano mfululizo. Soketi ya zamani iliyolegea itapata moto mpaka plastiki inanuka, na ekstensheni ya sokoni ndiyo kabisa usiiguse. Mwite fundi umeme anayeeleweka, akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye meni swichi, waya wa milimita 4 au 6, soketi nzito, swichi inayokata umeme ukivuja, na ahakikishe waya wa ardhini umefika ardhini kweli. Nyumba nyingi zetu huo waya upo kwenye soketi tu, ukiufuata haufiki popote, na chaja ya gari inaweza kugoma kwa sababu hiyo. Pia uliza kebo inayokuja na gari. Ya Japani imetengenezwa kwa volti 200 na plagi yao. Nunua ya volti 230 ya aina hiyo hiyo ya tundu. Ni gharama ndogo kuliko kuunguza chaja iliyo ndani ya gari.

Wapangaji wako wana haki ya kucheka kicheko kile. Gari litakula zaidi ya uniti 260 kwa mwezi, na kama mnachangia LUKU kwa kugawana sawa, wao ndio watakaokupeleka kazini. Mweke fundi huyo huyo afunge mita ndogo ya kupimia kwenye laini ya gari, ionekane, yeyote aisome. Mwisho wa mwezi unatoa uniti za gari kwanza, ndipo mnagawana zilizobaki. Kama una uwezo, waombee wapangaji mita yao TANESCO. Watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi wana bei ya chini sana ukilinganisha na hiyo 356, na ninavyohisi hawajawahi kuionja kwa sababu mita moja ya nyumba nzima inavuka hapo kila mwezi. Mwambie huyo mama hivyo kabla gari halijafika, utaona kicheko kinabadilika.

Shoti ya maji, mwambie shemeji asiiogope. Betri na nyaya zile za rangi ya chungwa vimefungwa visiingize maji, na gari likihisi umeme unavuja linakata lenyewe. Anaporuhusiwa kulalamika ni kwenye urefu. Leaf iko sentimita 15 hivi kutoka chini, na betri imelala chini ya sakafu nzima. Mtaro ambao Harrier inauvuka ukiwa unaongea na simu (usiongee), Leaf itabidi uupite kwa ukingo, tairi moja moja. Pita barabara yenu baada ya mvua kubwa, shuka, upime mitaro kwa rula ya mtoto. Kama kuna sehemu hamna ujanja, changishaneni majirani kifusi, au achana na Leaf utafute gari la umeme lililo juu zaidi. Na fundi wako wa Harrier, hata akiwa ndugu, asiguse nyaya za chungwa. Hapo kuna volti zinazokaribia 400. Anachoweza kukusaidia ni betri ndogo ya volti 12, maana ikichoka Leaf haiwaki hata kama betri kubwa imejaa, na watu wengi wameita gari la kuvuta kwa ajili ya kitu cha dukani.

Tufike Marangu.

Hapa shemeji yuko sahihi kabisa, tena sahihi kuliko anavyojua. Kibamba mpaka Himo, mnapokata kwenda Marangu, ni kama kilomita 500, kisha kuna kupanda. Hata Leaf ya uniti 40, kwa mwendo wa barabara kuu na familia nzima na mizigo, ukipata kilomita 220 umshukuru Mungu. Ungeishia kabla hujafika Segera. Hapo utafute nyumba ya wageni, uombe soketi, usubiri saa 17 ijae, uendelee mpaka iishe tena. Mtahesabiwa Mwaka Mpya.

Kwa hiyo msijidanganye kwamba Leaf itakwenda. Swali ni kama safari ya mara moja kwa mwaka ndiyo iamue unachochoma kila siku. Mimi nasema hapana. Miezi mitatu minne ya ile laki nne na thelathini inawakodishia gari la juu kwa siku za sikukuu, ilimradi muweke oda mapema, kabla ya bei za Desemba. Lakini najua, na wewe unajua, kwamba kuingia Marangu na gari la kukodi na kuingia na lako si kitu kimoja mbele ya wajomba. Shemeji amekupa sababu nne. Nadhani hii ndiyo yenyewe, nyingine zimemsindikiza. Usimcheke. Kaa naye uiongelee hiyo peke yake.

Akikataa katakata, kuna gari la katikati mnaloweza kulitazama pamoja: Mitsubishi Outlander ile ya kuchomeka, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2013. Iko juu, ina betri ya uniti 12 na injini ya petroli ya cc 2,000. Betri ikiwa na afya inakupa kilomita 30 hadi 40 za umeme, yaani nusu ya siku yako au zaidi, na Desemba unajaza tenki unaondoka bila kumuuliza mtu. Ubaya wake ni kwamba una magari mawili ndani ya bodi moja: oili utabadilisha, na betri utaipima vile vile. Kwangu mimi ni chaguo la pili. Kwa ndoa yako huenda ni la kwanza, hilo mtaamua nyinyi.

Na lile la kutoa laki tano kisha ukamwambia, hapo ana haki ya kununa hata kama asingejua betri ni nini. Limalize kwanza, ndipo mfungue hesabu. Ukimwonyesha hesabu akiwa amenuna atatafuta kosa kwenye kila namba. Nikuongezee ombi moja la kumpelekea: mwezi ujao petroli ya Harrier aweke yeye, mwezi mzima, kuanzia Jumatatu ya taa inayowaka. Hakuna haja ya kubishana tena baada ya hapo.

Harrier iuze mwenyewe siku ukipata mbadala. Yadi inanunua ili iuze, lazima ikukate. Piga picha nzuri, kusanya risiti za matengenezo, weka tangazo, ongea na madalali wawili watatu uone wanaanzia ngapi. Yeyote atakayelichukua, umiliki uhamishwe TRA siku ile ile, usikubali "tutamalizia wiki ijayo". Faini za barabarani zinafuata namba ya gari, na kadi ikiwa bado na jina lako, zitakuwa zako.

Laki tano. Rudi yadi na ile picha ya vimistari tisa, uwaambie kwa upole kwamba waliyokueleza kuhusu kilomita 200 hayalingani na betri iliyomo. Angalia risiti imeandikwa nini: malipo ya awali ya gari gani, na masharti gani ya kurudisha. Waombe wairudishe, au waihamishie kwenye gari lingine watakaloleta lenye betri ya 40, kwa maandishi. Wakigoma, dada, iache huko. Ni petroli ya mwezi mmoja.